Maswali ya Wasomaji: Kitenzi rdi cha Kimisri cha Kale

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza juu ya kitenzi kimoja, rdi, ambacho kiko karibu katika kila jiwe la kaburi na kila ukuta wa hekalu la Misri ya kale. Tumechagua sita. Maneno ya Kimisri tumeyaandika kwa herufi za wataalamu: ꜥ ni ain ya Kiarabu, ꜣ huchukuliwa kama alifu ya kooni, ḥ ni ha nzito ya Kiarabu, ḫ ni kh ya "kheri", š ni sh, na ḏ inakaribia j. Nukta hutenga kitenzi na viambishi vyake. Irabu hazikuandikwa, kwa hiyo wanafunzi husoma "redi" kwa makubaliano tu. Mifano yote ni ya Kimisri cha Kati, lugha ya maandishi ya tangu karibu mwaka 2000 K.K., ambayo ndiyo kila mwanafunzi huanza nayo.

Mhariri, kamusi moja inasema rdi ni "kutoa", nyingine "kuweka", na katika tafsiri fulani nimekuta "alifanya nitoke". Je, ni kitenzi kimoja au vitatu?
*Msomaji, Morogoro*

Ni kimoja. Maana yake inaamuliwa na kile kinachokifuata, kwa hiyo usikitafsiri kabla hujasoma maneno matatu au manne mbele.

Kikifuatwa na kitu pamoja na n, yaani "kwa", halafu mtu, maana ni kutoa au kupa. Katika sura ya 125 ya Kitabu cha Wafu marehemu anajitetea mbele ya Osiris, mungu wa wafu, hivi: iw rdi.n.i t n ḥqr, mw n ib, ḥbsw n ḥꜣy, mẖnt n iwi. "Nimempa mwenye njaa mkate, mwenye kiu maji, aliye uchi nguo, asiye na chombo kivuko." Kitenzi kimetajwa mara moja tu, kikabeba sadaka zote nne. Tena maneno haya ni ya kale kuliko kitabu chenyewe: yamo katika wasifu wa watu uliochongwa makaburini karne nyingi kabla yake.

Kikifuatwa na mahali, maana ni kuweka. Katika hadithi ya baharia aliyevunjikiwa jahazi, iliyohifadhiwa kwenye mafunjo yaliyoko St Petersburg, baharia anafika kisiwani, anakuta tini, zabibu, samaki na ndege, anakula akashiba, kisha anasema: rdi.n.i r tꜣ n wr ḥr ꜥwy.i, "nikaweka chini, kwa kuwa mikononi mwangu kulikuwa na vingi mno." R tꜣ ni "ardhini". Angalia pia kwamba hakutaja alichokiweka. Kitenzi -pa cha Kiswahili hakisimami bila mpewa, lakini rdi inasimama bila mpewa na hata bila kitu chenyewe, mradi msikilizaji ameshakijua.

Kikifuatwa na kitenzi kingine chenye kiima chake, maana ni kufanya jambo litendeke, au kuliruhusu: rdi.n.f pr.i, "alifanya nitoke", "aliniruhusu nitoke". Kitenzi cha pili huwa katika dhamira tegemezi, sawasawa na Kiswahili kinavyodai "nitoke" badala ya "nilitoka". Kimisri kilikuwa pia na kiambishi awali cha kutendesha, s-, kama ꜥnḫ "kuishi" na sꜥnḫ "kuhuisha". Ila s- haikai kwenye kila kitenzi, na rdi hukaa popote. Kama ni kuruhusu au ni kulazimisha, Kimisri hakisemi kwa kitenzi. Linaamuliwa na muktadha. Farao akimfanyia hivyo mtumishi, huenda ni amri. Mtu akimwomba mungu afanye hivyo, ni ruhusa au neema.

Zipo pia nahau ambazo lazima uzijue zikiwa nzima. Rdi sꜣ ni "kutoa mgongo", na Mswahili anayesema kumpa mtu mgongo ameshaielewa. Rdi m ib, "kuweka moyoni", ni kukusudia. Rdi m ḥr n mtu fulani, "kuweka usoni pake", ni kumwagiza. Rdi ḥr gs, "kuweka upande", ni kupendelea, na hutumika hasa kwa hakimu asiyetenda haki.

Salaam aleikum. Naomba mnyambuliko wa kitenzi hiki kwa nyakati zake. Kwa nini pengine r ipo, pengine haipo, na pengine naona d mbili?
*Msomaji, Mombasa*

Wa aleikum salaam. Kitenzi hiki kina mashina matatu, rdi, di na dd, na amri yake hutoka kwenye mzizi mwingine kabisa, kama vile Kiswahili kinavyosema "kuja" lakini kikaamuru "njoo".

Anza na alama zenyewe. Rdi huandikwa kwa mdomo (D21 katika orodha ya alama ya mtaalamu wa Kimisri Alan Gardiner), ambao ni r, na chini yake mkono ulionyooshwa wenye mkate mchongoma kiganjani (D37). Ukiondoa mdomo unabaki na di. Di huweza pia kuandikwa kwa mkate huo mchongoma peke yake (X8), pembetatu nyembamba ndefu. Dd ni mkono huo, au mkate huo, umeandikwa mara mbili.

Viambishi vya nafsi hutiwa mwishoni: .i mimi, .k wewe mwanamume, .t wewe mwanamke (kwa maandishi ya kale zaidi .ṯ), .f yeye mwanamume, .s yeye mwanamke, .n sisi, .tn nyinyi, .sn wao. Tuchukue .f tuone maumbo:

rdi.n.f au di.n.f: alitoa, ametoa. Yote mawili ni sahihi na hukutwa hata katika maandishi ya mtu mmoja.

di.f: atoe, apate kutoa. Hapa r haiji. Ndilo umbo la maombi na la kusudi, na baada ya nn hukanusha wakati ujao: nn di.f, hatatoa.

iw.f di.f: hutoa, ndiyo kawaida yake.

dd.f: hutoa, lakini uzito wa sentensi umehamia kwenye neno jingine. Dd.f t n ḥqr rꜥ nb haisemi tu kwamba anampa mwenye njaa mkate. Inasema ni *kila siku* ndipo anapompa. Ukikuta dd.f mwanzoni mwa sentensi, tafuta mbele neno la wakati, mahali au namna, kwa sababu ndilo linalosisitizwa. Ukitafsiri "hutoa" ukaishia hapo, umeacha nusu ya ujumbe.

n rdi.f: hakutoa.

n rdi.n.f: hatoi, hawezi kutoa.

Hayo mawili ya mwisho huwakwaza wengi. Katika kukubali, .n ni alama ya tendo lililokwisha. Katika kukanusha kwa n mambo yanageuka: umbo lisilo na .n ndilo la wakati uliopita, na lenye .n ni la mazoea au la kutoweza. Usitafute mantiki ya Kiswahili hapa. Jifunze yote mawili kwa pamoja, n rdi.f hakutoa, n rdi.n.f hatoi, mpaka yakae kichwani.

rdit: kutoa, kitenzi-jina. Pengine dit. Hutumika sana baada ya ḥr kueleza tendo linaloendelea au linalofuatia. Afisa wa majini Ahmose mwana wa Abana, ambaye kaburi lake liko El-Kab na aliyepigana mwanzoni mwa Nasaba ya 18, anasimulia namna taarifa ya ushujaa wake ilivyofikishwa kwa mfalme, kisha anasema: wn.in.tw ḥr rdit n.i nbw n qnt, "ndipo nikapewa dhahabu ya ushujaa." Kiambishi .tw ni "mtu fulani" asiyetajwa, na hicho ndicho kinachofanya kazi ya kauli ya kutendwa. Kwenye rdi chenyewe utakiona hivi: di.tw, hutolewa au itolewe.

di.kw, di.ti, di.w: umbo la hali, yaani nimewekwa, umewekwa, amewekwa. Lina viambishi vyake lenyewe, usivichanganye na vile vya juu.

dd: anayetoa, mtoaji wa kila siku. rdi: aliyetoa. di, kwa ukamilifu diw: aliyepewa. Hili la mwisho unalifahamu kwa macho hata kama hujui kusoma, maana ndilo linalofuata majina ya wafalme ukutani: di ꜥnḫ, mkate mchongoma na msalaba wenye kitanzi, "aliyepewa uhai". Mara nyingi huongezwa ḏt, milele, au mi rꜥ, kama Ra.

imi: toa! Imi n.i, nipe. Kukataza ni m rdi, usitoe, au usiruhusu.

Kuhusu r, shika hivi: di.f ya maombi na dd za aina zote hazina r kamwe. Kitenzi-jina na kikanushi cha wakati uliopita huipenda r. Katika .n ya tendo lililokwisha, mwandishi alikuwa huru.

Nina picha ya jiwe la kaburi kutoka jumba la makumbusho. Mstari wa kwanza una mmea, mkate mdogo, mkate juu ya mkeka na pembetatu. Nianzie wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Umeshika mstari unaorudiwa kuliko yote Misri, na ndani yake kitenzi rdi kinajitokeza kwa sura tatu tofauti. Kwa maoni yetu hakuna darasa bora zaidi la kitenzi hiki.

Kwanza tazama nyuso za watu na wanyama. Maandishi husomwa kuelekea usoni mwao: wakitazama kulia, anza kulia.

Alama zako nne ni mmea wa sw (M23), mkate wa t (X1), mkate juu ya mkeka ambao ni ḥtp (R4), na pembetatu ya di (X8). Mmea na mkate ni nsw, mfalme, naye ametangulizwa kwa heshima tu. Usimsome wa kwanza. Mpangilio wa kusoma ni ḥtp di nsw, "sadaka aliyoitoa mfalme". Di hapa ni umbo la kirejeshi, sawa na -o- katika "aliyoitoa". Hiyo ndiyo sura ya kwanza.

Kisha huja jina la mungu, mara nyingi wsir nb ḏdw nṯr ꜥꜣ nb ꜣbḏw, "Osiris bwana wa Busiris, mungu mkuu, bwana wa Abydos". Baada yake tafuta mkate mchongoma ukifuatwa na nyoka mwenye pembe: di.f, "ili atoe". Mungu ndiye anayetoa sasa, mfalme ametoa kwa mungu, na mungu atatoa kwa marehemu. Ikiwa miungu imetajwa zaidi ya mmoja, tarajia di.sn, "ili watoe". Hii ni sura ya pili, dhamira tegemezi.

Kinachotolewa ni prt-ḫrw, kwa neno "kutoka kwa sauti", yaani sadaka inayoitwa kwa kutamkwa. Kisha orodha: t ḥnqt kꜣw ꜣpdw šs mnḫt, mkate, pombe, ng'ombe, ndege, vyombo vya alabasta na nguo za kitani. Alama hizi mara nyingi zimebanwa kwa kukosa nafasi, kila kitu alama moja: kichwa cha ng'ombe, kichwa cha ndege. Usidhani ni maneno yasiyokamilika. Halafu "na kila kitu chema na safi ambacho mungu huishi kwacho", na mwisho n kꜣ n, "kwa ajili ya ka (nguvu ya uhai) ya", ikifuatwa na jina la marehemu. Ukitaka kujua jiwe ni la nani, ruka hadi hapo.

Mawe mengine yanaongeza sentensi nzuri: ddt pt, qmꜣt tꜣ, innt ḥꜥpy, "ambavyo mbingu hutoa, ardhi huumba, na gharika ya Nile huleta". Ddt ni sura ya tatu: d mbili kwa sababu mbingu haikutoa mara moja ikaacha, hutoa siku zote, na t ya mwisho ni ya kike kwa kuwa inarejelea ḫt, "kitu", ambalo kwa Kimisri ni neno la kike. Ni kazi ileile ya upatanisho wa ngeli tunayoifanya sisi katika "ambavyo". Tazama na jirani yake innt, kutoka ini "kuleta": n mbili kwa sababu ileile.

Kuna faida moja zaidi. Mwaka 1939 mtaalamu wa Kimisri Paul Smither alionyesha kwamba katika Ufalme wa Kati mchongaji kwa kawaida aliandika mmea, ḥtp, kisha di, na kwamba baadaye, tangu Kipindi cha Pili cha Kati kilichofuata Ufalme huo, di ilitangulia ḥtp. Maelezo yako yanaweka pembetatu mwishoni, kwa hiyo jiwe lako huenda ni la zamani zaidi kati ya hayo mawili. Lakini usilitolee jiwe tarehe kwa ishara hiyo peke yake. Linganisha na majina, mavazi na mtindo wa kuchonga.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Biblia. Ni kweli kwamba jina Potifera lina kitenzi hiki?
*Msomaji, Bukoba*

Ni kweli. Potifera, kuhani wa Oni, baba yake Asenathi katika Mwanzo 41:45, ni pꜣ-di-pꜣ-rꜥ, "yule ambaye Ra amemtoa". Pꜣ ni "yule", di ni kirejeshi kilekile cha ḥtp di nsw, na rꜥ ni mungu jua, ambaye mji wake mkuu ulikuwa huo huo Oni, Heliopolis kwa Kigiriki. Jina Potifa la Mwanzo 39 wengi huliona kuwa ni ufupisho wa jina hilo. Majina ya namna hii yalienea sana nyakati za mwisho za Misri: Petosiris, ambaye kaburi lake zuri liko Tuna el-Gebel, ni "aliyetolewa na Osiris". La kike huanza na tꜣ-di. Wazazi wanaomwita mtoto Zawadi wanaifahamu nia yake.

Nimefanya mazoezi ya tafsiri na yamerudi yamejaa wino mwekundu. Makosa yangu mengi yako kwenye rdi. Niangalie nini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Makosa ya kitenzi hiki hujirudia kwa kila anayeanza, na karibu yote yanatokana na alama ya wimbi la maji, n.

Wimbi hilo lina kazi tatu zinazokutana hapa. Linaweza kuwa .n ya tendo lililokwisha, n ya "kwa", au .n ya "sisi". Chukua sentensi "Mtukufu (yaani mfalme) alinipa dhahabu": rdi.n n.i ḥm.f nbw. Jiweni utaona mdomo, mkono wenye mkate, wimbi, wimbi. La kwanza ni wakati, la pili ni "kwa". Kwa nini yamekaa pamoja? Kwa sababu mpewa akiwa ni kiwakilishi tu, Kimisri humvuta karibu na kitenzi na kumpitisha mbele ya kiima kilicho nomino. Anayetafsiri "tulimpa" ameligeuza wimbi la pili kuwa "sisi". Kipimo ni hiki: .n ya "sisi" kwa kawaida huandikwa pamoja na vistari vitatu vya wingi. Hakuna vistari, usikimbilie "sisi".

Kiima kikiwa nacho ni kiwakilishi, mpangilio ni kitenzi, mtoaji, mpewa, kitu: di.n.f n.i sw, "alinipa hicho". Zikiwa nomino tupu, mpewa hurudi nyuma kabisa: rdi.n nsw nbw n ḥmt.f, "mfalme alimpa mkewe dhahabu". Andika mpangilio huu pembeni mwa daftari na upime kila sentensi kwao.

Kosa la pili ni dd na ḏd. Dd ni rdi iliyorudufiwa. Ḏd, yenye kistari chini ya d ya kwanza, ni "kusema". Nakala za fotokopi hufuta kistari hicho. Rudi kwenye alama zenyewe: ukiona nyoka wa swila (I10) na kiganja (D46), ni kusema, ukiona mikono miwili yenye mikate, ni kutoa.

La tatu ni mikono. D36 ni mkono mtupu na husomwa ꜥ. D37 una mkate mchongoma, ni di. D38 una mkate wa mviringo, nao ndio hukutwa katika amri imi. D40 umeshika fimbo, na huashiria nguvu au juhudi. Kwenye jiwe lililolika tofauti ni ya milimita chache, kwa hiyo amua kwa sentensi kabla ya kuamua kwa jicho. Imi "toa" usiichanganye pia na imy "aliyemo", ambayo huandikwa kwa mbao mbili zilizopishana.

La mwisho ni la hekaluni. Mungu aliyesimama mbele ya mfalme husema: ḏd mdw ("kutamka maneno") di.n.i n.k ꜥnḫ wꜣs nb. Wengi huandika "nilikupa uhai wote na utawala". Umbo ni la tendo lililokwisha, lakini kutamka ndiko kutenda: "ninakupa sasa hivi." Tena .i ya mungu mara nyingi haikuandikwa, kwa hiyo utaona di na mawimbi mawili tu kabla ya k. Hapo pia wimbi la kwanza ni la kitenzi na la pili ni "kwa".

Je, kitenzi hiki kilikufa pamoja na Mafarao?
*Msomaji, Muscat*

Hakikufa. Katika Kikopti, hatua ya mwisho ya Kimisri iliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na chache za asili, "kutoa" ni ϯ, husomwa *ti*. R ilikwisha kupotea, na neno zima limekuwa herufi moja ya alfabeti. Amri nayo iliendelea kutoka kwenye mzizi wake wa pekee: imi ikawa ⲙⲁ katika lahaja ya Sahidi. Katika lahaja ya Bohairi, ambayo Kanisa la Kikopti la Misri husalia hadi leo, sala ya Baba Yetu inasema *mēif nan*, "utupe", na *mēi-* hiyo ni ile ile imi.

Na ile kazi ya kufanya jambo litendeke imeganda ndani ya vitenzi vingine kama t ya mwanzo. Ⲧⲁⲛϩⲟ, *tanho*, "kuhuisha", ni rdit "kufanya" na ꜥnḫ "aishi" vilivyoshikana. Ⲧⲁϩⲟ, *taho*, "kusimamisha", ni rdit na ꜥḥꜥ, "asimame". Anayejifunza Kikopti akikutana na kitenzi kinachoanza na *ta-* na kuishia na *-o*, ajaribu kwanza kukigawa hivyo; mara nyingi atapata kitenzi cha Kifarao ndani yake.